William Hartnell, mzee wa sanduku la buluu

William Hartnell, Mwingereza mchezaji wa filimu na televisheni, alikufa tarehe 23 Aprili 1975. Siku hiyo kazi yake kubwa ilikuwa tayari inafutwa, kipande kwa kipande, na kampuni ileile yenye ilimlipa kwa kuifanya. Hapana adui aliifuta, wala vita. Ni bosi mwenyewe, juu ya kupata nafasi ndani ya depo na kutumia mikanda mara ya pili. Leo miaka zaidi ya 50 imepita, na watu wa Uingereza, wa Marekani, wa Australia wangali wanatafuta vile vipande ginsi sisi tunafuata mshipa wa dhahabu ndani ya jiwe. Vimoja viliokotwa huku Afrika. Njo maana naelezea maisha yake mu ukurasa huu, hata kama hapa Mumosho wengi hawajasikia jina lake.

Alizaliwa tarehe 8 Januari 1908 mu mtaa wa St Pancras, London. Mama yake, Lucy, hakuwa ameolewa. Jina la baba halikuandikwa popote, na William hakumjua baba yake mpaka kufa. Siku zile kule Uingereza mtoto wa namna hiyo alibeba haya yenye haikuwa yake. Alipokuwa mtu mzima alimtafuta baba, hakumpata, basi akajitengenezea mmoja. Waandishi wa magazeti wakimuuliza, alisimulia kama alizaliwa Devon, kwenye mashamba, na kama baba yake alikuwa mfugaji wa ng'ombe wa maziwa mwenye alikuja kuwa mtu wa hisa za biashara. Devon aliijua kweli, juu alipitisha likizo za utoto kule kwa watu wa familia ya mama. Lakini baba huyo hakuwako. Ni mjukuu wake, Jessica Carney, mwenye aliweka mambo wazi mu kitabu alichotoa mwaka wa 1996.

Kijana alikuwa ku njia ya kuharibika. Aliacha shule bila kitu mkononi, akaanza wizi mdogo mdogo mitaani. Chenye kilimwokoa ni klabu ya masumbwi ya vijana. Kule alikutana na Hugh Blaker, mtu wa kukusanya picha za thamani, yuleyule mwenye alinunua picha ya Mona Lisa nyingine yenye wataalamu wanaibishania mpaka leo. Blaker alimpenda kama mtoto wa nyumba. Akamtafutia mafunzo ya kupanda farasi wa mashindano, kisha akamtia mu shule ya watoto wa wakubwa (William akatoroka), mwishoni mu shule ya kuigiza ya Italia Conti. Kisha aliingia mu kundi la Frank Benson, lenye lilikuwa likizunguka nchi na michezo ya Shakespeare. Alianzia chini, kazi za nyuma ya pazia: kubeba, kupanga, kutumwa. Mwenye alianza kwa kubeba magunia na kuvuta maji mbele ya kupewa nyundo, anaijua hiyo ngazi.

Mwaka wa 1929 alimwoa Heather McIntyre, naye mchezaji. Walizaa binti mmoja, na ndoa yao ilidumu mpaka kifo. Filimu yake ya kwanza ilitoka 1932. Miaka kumi yenye ilifuata ilikuwa ya kuchekesha watu mu vifilimu vidogo vyenye hakuna mtu anavikumbuka.

Vita ikafika. Aliingia jeshi, upande wa vifaru, lakini akili na mwili vilikataa. Kiisha mwaka mmoja na nusu hivi alirudishwa nyumbani juu ya ugonjwa wa mishipa ya fahamu. Pombe nayo ilimtia mu matata. Mwaka wa 1942 alipewa nafasi mu filimu kubwa ya majini ya Noel Coward. Akafika kazini akiwa amechelewa. Coward alimkaripia mbele ya watu wote, akamlazimisha aombe radhi mbele ya ekipi nzima, kisha akamfukuza palepale. Nafasi yake akapewa msaidizi mmoja wa wapiga filimu. Kuchelewa ni kosa, sikatai. Lakini kumvua mtu nguo mbele ya wenzake ni kitu kingine, na bosi mwenye anachanganya hayo mawili tunamjua hata huku.

Mwaka wa 1944 Carol Reed alimweka mu The Way Ahead, filimu ya watu wa kawaida wenye wanafundishwa kuwa askari. Hartnell alicheza sajenti mkali. Aliicheza vizuri kupita kiasi, na toka siku ile kila mtu alimwona sajenti tu. Ao mwizi, ao polisi, ao mtu wa genge kama mu Brighton Rock ya 1947. Alipofika televisheni mwaka wa 1957, mu mchezo wa kuchekesha wa The Army Game, alivaa tena kofia ya sajenti. Mwaka wa 1958 filimu ya kwanza ya zile za Carry On ilipotoka, ilikuwa na sajenti, na sajenti alikuwa yeye. Alichoka. Alikuwa amejifunza kazi kwa Shakespeare, na sasa walimwita tu kama kulikuwa mtu wa kupigia kelele.

Kati ya zile filimu za wakati huo kuna moja yenye napenda kila mchimbaji aione: Hell Drivers, ya 1957. Ni habari ya madereva wa makamyo wenye wanabeba changarawe toka karyera mpaka chantier. Wanalipwa kwa safari. Mwenye anakwenda polepole anafukuzwa. Barabara mbaya, kamyo limejaa kupita, na mkubwa wa madereva, mwenye aliweka rekodi ya safari nyingi kwa siku, ameahidi kisanduku cha sigara cha dhahabu kwa mtu mwenye atamshinda. Hartnell anacheza Cartley, msimamizi wa depo. Pole pole inaonekana kama kampuni inatoa pesa za madereva wengi zaidi, lakini Cartley anaajiri wachache, anawakimbiza wafanye kazi ya wale wenye hawako, na mishahara ya wale hewa anagawana na mkubwa wa madereva. Kisanduku cha dhahabu ni chambo tu. Tuliiangalia na wenzangu ku telefoni ya kijana mmoja, kwa Kiingereza, bila kuelewa neno moja juu ya matatu, na hakuna mwenye aliuliza filimu inaongelea nini. Hartnell haigizi shetani. Anaigiza mtu wa biro, mwenye sauti ya kawaida, mwenye anajua hesabu. Wa namna hiyo njo wabaya zaidi.

Akteri mkubwa wa filimu hiyo, Stanley Baker, alikuwa mtoto wa mchimbaji wa makaa ya mawe wa Wales. Na mwaka wa 1963 Hartnell alicheza tena kando ya wachimbaji: This Sporting Life, habari ya mchimbaji wa makaa wa kaskazini ya Uingereza mwenye anaacha shimo kwa kucheza ragbi. Hartnell ni mzee mmoja aliyechoka, wanamwita Baba, mwenye anamtafutia kijana nafasi ya kujaribiwa mu timu. Kisha kijana akipanda, anamsahau mzee. Nafasi ndogo kabisa. Lakini mama mmoja kijana wa BBC aliiona, akaona nyuma ya sajenti kuna mtu mwingine.

Mama huyo ni Verity Lambert. Alikuwa na miaka 27, na BBC ilikuwa imemkabidhi mchezo mpya wa jioni ya Jumamosi, wa kubuni, wa mambo ya sayansi na safari za wakati, kwa watoto na wazazi pamoja. Wakubwa wa nyumba hawakuwa na imani sana. Mwenye kupiga filimu ya kwanza, Waris Hussein, alizaliwa India na alikuwa na miaka 24. Mama kijana na Muhindi kijana, mu BBC ya siku hizo, walikuja kumuomba mzungu wa miaka 55 mwenye hasira aache sajenti na akuwe babu. Alisitasita, kisha akakubali.

Mchezo unaitwa Doctor Who. Kipande cha kwanza kilipita tarehe 23 Novemba 1963, siku moja kiisha kuuawa kwa Rais Kennedy. Watu walikuwa na akili kwingine, na juma lenye lilifuata BBC ilikipitisha tena. Habari yenyewe ni hii: kuna mzee wa nywele nyeupe, mtu wa dunia nyingine, jina lake hatulijui, tunamwita tu Dokta. Ana sanduku la buluu, kama kile kibanda cha telefoni cha polisi chenye kilikuwa kikisimama mitaani London. Inje ni kibanda cha mtu mmoja. Ndani ni nyumba kubwa yenye machine za ajabu. Sanduku hilo linapita mu wakati na mu anga: leo kwa watu wa mapango, kesho kwa Marco Polo, kesho kutwa ku nyota yenye haina jua. Anasafiri na mjukuu wake Susan na walimu wawili wa shule yake. Walimu hawakuomba kwenda; mzee aliwabeba kwa nguvu juu ya kuficha siri yake. Mwanzoni si mtu mzuri: mwenye kiburi, mwoga, mdanganyifu. Pole pole anabadilika, anafundishwa utu na wale aliowateka.

Tuwe wakweli, vifaa vilikuwa vya karatasi ngumu na mbao. Kuta zilitikisika mtu akifunga mlango. Lakini watoto waliamini, na Hartnell alikuwa wa kwanza kuamini. Mbele yake kulikuwa meza ya kuendeshea sanduku, vifungo na mikono pande zote. Wengine wangebonyeza tu popote. Yeye alisoma kila kifungo, akakipa kazi yake, na akakasirika kama mwenzake alibonyeza kile cha mlango ili kurusha sanduku. Alisema watoto wataona. Na kweli watoto waliona, waliandika barua. Mtu mwenye miaka mingi alitisha watu ku filimu, sasa wadogo walimkimbilia barabarani wakimwita Dokta. Alipenda hayo kuliko kitu chochote. Mtu asiyekuwa na baba akakuwa babu wa taifa.

Kazi yenyewe haikuwa ya mchezo. Kila juma kipande kimoja cha dakika 25. Jumatatu mpaka Alhamisi kujifunza maneno na mahali pa kusimama. Ijumaa kukamata picha, jioni moja, karibu bila kusimama, juu kukata mkanda wa video kulikuwa ghali. Ukikosea neno, unaendelea. Msimu wa kwanza ulikuwa na vipande 42 mfululizo, toka Novemba 1963 mpaka Septemba 1964. Mu miaka mitatu vilipita 130, na katika karibu vyote mzee alikuwamo, na sehemu kubwa ya maneno yalikuwa yake. Watu leo wanacheka namna alichanganya sentensi. Wapenzi wake wanazihesabu zile ajali za ulimi, wanazipenda hata. Mimi nikiona mtu wa karibu miaka 60 kwenye mwendo huo, sicheki sana. Na tutaona kama mwili wake ulikuwa na sababu.

Chenye kililipusha mchezo ni Wadaleki, wenye walitokea Desemba 1963. Ni viumbe ndani ya magamba ya chuma, kama chupa kubwa yenye vidonge pembeni, jicho moja ku fimbo, hawana miguu, wanateleza na kuua kwa sauti ya machine. Ndani yake kulikuwa wanaume wameketi ku kibao kidogo, wakisukuma na miguu, joto, bila kuona vizuri mbele. Watazamaji, wenye walikuwa milioni 4 na kidogo siku ya kwanza, walipita milioni 10 mbele habari ya Wadaleki kwisha. Watoto walijificha nyuma ya viti na kuchungulia. (Wazee wetu wa Bukavu walikuwa na kingine cha kuogopa: Agosti 1964 Simba walifika mjini.)

Hapa kuna hesabu moja yenye inanikata. Maneno ya Wadaleki yaliandikwa na Terry Nation. Alikuwa mwandishi wa kujitegemea, na kontra yake ilimwachia sehemu ya haki ya vile aliandika. Umbo lao, ile sura yenye kila mtoto aliichora mu daftari, ilitengenezwa na Raymond Cusick, mfanyakazi wa mshahara wa BBC. Vikaja vitu vya kuchezea, vitabu, filimu mbili za sinema. Maduka ya Krismasi yalijaa Wadaleki. Nation akawa tajiri. Cusick alipewa zawadi ya pauni karibu 100, basi. Hakuna mtu aliiba. Yote yalikuwa mu karatasi. Mmoja alikuwa na karatasi yenye inasema sehemu ya jiwe ni yake, mwingine alikuwa na karatasi yenye inasema anachimba kwa siku. Mwenye anasaini bila kusoma, asome hapa mara mbili.

Sitamficha Hartnell mu sifa tu. Wenzake wengi wamesimulia kama alikuwa mtu mgumu, wa hasira za haraka, na mwenye mawazo mabaya juu ya watu wa rangi nyingine na juu ya Wayahudi. Verity Lambert alikuwa Myahudi. Waris Hussein alikuwa Muhindi. Hao njo walimpa kazi ya maisha yake, alifanya nao kazi vizuri, akawapenda, akahuzunika walipoondoka. Mtu anaweza kubeba ujinga wa wakati wake na akampenda mtu mwenye ujinga huo unamtukana. Haifuti kitu, lakini ndivyo ilivyokuwa. Na mu habari yake ya mwisho, mwaka wa 1966, mmoja wa watu wa angani aliigizwa na Earl Cameron, mtu mweusi wa Bermuda, kati ya watu weusi wa kwanza kuigiza mwanaanga ku televisheni. Filimu nyingi za siku zile ziliwapa watu weusi kubeba mizigo na mikuki tu.

Kufika mwaka huo mzee alikuwa mgonjwa kweli. Mishipa ya damu ilikuwa inakauka na kuziba, damu haikupanda vizuri ku kichwa, kumbukumbu ikawa inaponyoka. Wenzake wa mwanzo walikuwa wamekwenda wote. Na wakubwa wapya hakuelewana. Mu ile habari ya mwisho, The Tenth Planet, alipata ugonjwa wa kifua juma zima. Walimwondoa mu kipande cha tatu na kumweka mtu mwingine aanguke kwa mgongo mbele ya kamera.

Wapenzi wa filimu wa nyumba za video za kwetu wana sheria moja: akteri hafi. Ukiona jina lake limeandikwa kwanza, hata wampige risasi kumi, atasimama. BBC ilikuwa na tatizo hilo: akteri anakwisha, mchezo unapendwa. Wakatafuta dawa yenye hakuna mtu alikuwa amefikiri. Juu Dokta si mtu wa dunia yetu, mwili wake ukichoka unajigeuza mwingine. Tarehe 29 Oktoba 1966 Hartnell alianguka chini ndani ya sanduku lake, mwanga ukamfunika uso, na mwanga ulipotoka kulikuwa Patrick Troughton, mchezaji mwingine, sura nyingine. Nafsi ileile. Toka siku hiyo wachezaji wamepokezana nafasi hiyo mpaka leo, na kila mmoja anapokezwa kwa mlango wenye ulifunguliwa na ugonjwa wa mzee huyu. Yeye hakuacha kwa furaha. Alilia ile kazi miaka mingi.

Miaka ya nyuma ilikuwa mifupi ya kazi. Michezo ya Krismasi ya watoto, nafasi mbili tatu ku televisheni, kisha kimya. Mwaka wa 1972 BBC ilitaka kukusanya Madokta watatu wa kwanza mu habari moja. Alipopigiwa simu alikubali kwa furaha. Ilikuwa siku yake nzuri. Kiisha hapo Heather, bibi yake, alilazimika kuwaeleza kama mzee hawezi tena kukumbuka maneno wala kusimama muda mrefu. Hawakumwacha. Walimkalisha ku kiti, wakamwonyesha maneno yameandikwa ku makaratasi makubwa, na picha yake ikapita kwa wenzake kama mtu mwenye anaongea toka mbali. Ilikuwa kazi yake ya mwisho. Mwisho wa 1974 aliingia hospitali hakutoka tena. Kiharusi kilimpiga mara nyingi, na akafa usingizini, Kent, akiwa na miaka 67.

Sasa tufike ku moto. Mkanda wa video mu miaka ya 1960 ulikuwa kitu cha bei, na uliweza kufutwa na kutumiwa upya. BBC iliandika Dokta juu yake, ikatoa kopi za filimu za kuuza inje, kisha ikafuta mkanda. Kopi nazo, zilipoonekana hazina mnunuzi tena, zilitupwa ao kuchomwa. Hii iliendelea mpaka 1978.

Na inanipasa kusema jambo lenye halimfurahishi mtu wa sendika. Sendika ya wachezaji, Equity, ilikuwa na mapatano na BBC: mchezo usirudiliwe ovyo, na baada ya muda fulani usirudiliwe bila kulipa upya. Waliogopa, na haki yao, kama televisheni itarudilia vya zamani tu na wachezaji watakaa bila kazi. Mapatano hayo yalilinda chungu cha watu wengi. Lakini upande mwingine yalifanya mikanda isiwe na faida kwa bosi, na kitu chenye hakina faida bosi hakiwekei nyumba. Mimi ningesaini mapatano yale. Ningeongeza tu mstari mmoja: kazi ya mtu isiharibiwe bila yeye kujua. Hakuna mtu aliufikiri mstari huo, wala bosi wala sendika, juu kila mmoja alikuwa anahesabu mshahara wa kesho.

Wenye walifikiri ni watoto. Kule Uingereza wako vijana wenye walikuwa wakiweka mikrofoni mbele ya televisheni kila Jumamosi na kukamata sauti ku mkanda, wakiomba mama asipigishe masahani. Juu yao, sauti ya kila kipande chenye kilipotea iko. Kila kimoja! Kulikuwa pia mpiga picha, John Cura, mwenye alipiga picha ya kioo cha televisheni kipindi kikipita, akawauzia wachezaji ili wawe na alama ya kazi yao. Picha hizo leo zinaunganishwa na zile sauti. Mwaka wa 1978 BBC ilimweka mama mmoja, Sue Malden, achague vitu vya kuhifadhiwa, na wapenzi wa mchezo wakafika kugonga mlango wakiuliza nini imebaki. Toka hapo uwindaji ulianza. Mwaka wa 1983 vipande viwili vya Hartnell vilipatikana chini ya kanisa moja la Wamormoni la London. Nani aliviweka pale? Vingine vilitoka kwa watu wenye waliokota filimu ku takataka.

Na vingine vilikuwa Afrika. Zile kopi za kuuza inje zilitumwa Nigeria, Zambia, Uganda na nchi nyingine, mu miaka ya kwanza ya uhuru, wakati televisheni zetu zilikuwa changa na zilitafuta kitu cha kuonyesha. Zambia televisheni ilianzia Kitwe mwaka wa 1961, katikati ya migodi ya shaba, na wakubwa wa Copperbelt wako wenye walimwona Hartnell mbele ya watu wengi wa Ulaya. Mwaka wa 1984 Nigeria ilirudisha filimu za habari zake mbili, The Time Meddler na The War Machines, zenye London haikuwa nazo tena. Kisha Mwingereza mmoja, Philip Morris, akazunguka bara hili kutafuta mu depo za televisheni. Mwaka wa 2013 ilitangazwa kama alikuta vipande 9 vya Dokta wa pili, Troughton, ku kituo kidogo cha televisheni cha Jos. Jos ni mji wa wachimbaji wa bati. Waingereza waliujenga juu ya bati. Makopo yalikaa ku etajeri, vumbi juu yake, zaidi ya miaka 30, juu hakuna mtu wa Jos alipewa amri ya kuyachoma, ao alipewa na hakuona haraka. Kipande kingine kimoja kilikuwako kwenye orodha alipofika, kikapotea mbele ya mzigo kufika Uingereza.

Mwaka uleule BBC ilitoa filimu juu ya maisha ya Hartnell mwenyewe, akiigizwa na David Bradley. Watu wenye walizaliwa kiisha yeye kufa walilia.

Zaidi ya vipande 90 vya miaka ya Hartnell na Troughton havijaonekana. Kati yavyo ni kile cha mwisho cha The Tenth Planet, siku ile mzee aligeuka. Sauti iko. Mu 2013 wachoraji walikichora upya chote ili watu wakione. Kati ya picha za kweli zenye zimebaki ni sekunde chache, zile za mwanga kumfunika uso, na zimebaki juu mwaka wa 1973 kipindi kimoja cha watoto kilizikata na kuzionyesha tena.